Kasoro Dakika Tano

Siku ya mwisho ya muhula, Levin Duckett, bawabu mdogo, aliwasha moto katika meko yote ya ukumbi wa Bunge, akabadilisha mchanga kwenye visanduku vya kutemea tumbaku, akachonga upya kalamu za manyoya ambazo waheshimiwa walikuwa wamezitafuna, kisha akapanda ngazi kuifuta vumbi saa kubwa iliyokuwa juu ya mlango. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na barabara kuu ya Washington ilikuwa tope tupu. Ng'ombe wa Bibi Tarrant alikuwa amezama hadi magotini karibu na ngazi za Bunge, akitafuna kwa utulivu tangazo lililobanduka ukutani.

Bunge lilikuwa limekubaliana kuufunga muhula siku hiyo, saa kumi na moja jioni. Levin aliitazama saa ile mara nyingi kuliko kawaida yake, kwa sababu ikigonga saa kumi na moja mkewe angekuwa mtu huru.

Levin mwenyewe alizaliwa huru, uhuru wa namna ya mji ule. Mtu mweusi asiye mtumwa alitakiwa awe na mzungu wa kumdhamini, la sivyo alifukuzwa mjini au alitiwa ndani. Aliyemdhamini Levin alikuwa Mheshimiwa Josias Crenshaw wa Kentucky, na huyohuyo Crenshaw ndiye aliyemmiliki Henny, mke wa Levin. Alikuja naye kutoka kwao miaka miwili nyuma, akamweka jikoni kwa Bibi Tarrant, mwenye nyumba walimopanga waheshimiwa kadhaa, na kazi ya Henny ndiyo iliyokuwa kodi ya chumba chake. Mtu mmoja aliwashika wote wawili, huyu mkono wa kulia na yule wa kushoto, na bado alibaki na mdomo wa kuhutubia.

Wakati wa Krismasi Crenshaw alishikwa na homa, na Henny akamuuguza mpaka akapona. Siku alipoweza kukaa mezani alisimama mbele ya wapangaji wenzake, mvinyo mkononi, akatamka: "Muhula ukifungwa, Henny yuko huru." Walimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini asiwe huru siku ileile, maana ilieleweka kwamba Mheshimiwa alihitaji kupikiwa hadi mwisho wa kikao.

Henny alikuwa na mimba ya kufikia kujifungua. Sheria ya pale ilikuwa fupi: mtoto hufuata hali aliyo nayo mama yake wakati anapozaliwa. Mama mtumwa, mtoto mtumwa. Mama huru, mtoto huru. Asubuhi hiyo, Levin alipopita jikoni kunywa kahawa, waliongea jambo hilo tu.

"Leo usije ukaharakisha," Levin alimwambia.

"Mwambie mwanao hivyo. Mimi siharakishi kitu. Nimemwambia atulie mpaka jioni, tukutane wote tukiwa watu."

"Na amekujibu?"

"Amenipiga teke. Ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi."

Alasiri Crenshaw alisimama kuutetea muswada wake wa barabara ya kuvuka milima, barabara ambayo kwa bahati ilipita mlangoni pa kinu chake cha nafaka. Saa kumi na moja ilikaribia naye bado hajafika milimani. Bunge lilikuwa na desturi kwa hali kama hiyo. Muhula haukufungwa mpaka saa ya ukumbini igonge, kwa hiyo shughuli zikizidi muda, Spika alimtazama bawabu mkuu, bawabu mkuu alimtazama Levin, na Levin aliurudisha nyuma mshale mrefu kwa mti wenye kulabu uliotumika kufungulia madirisha ya juu. Kila mtu alilijua hilo. Miaka mingine mshale ulirudishwa kidogo, ukaachwa utembee, ukarudishwa tena. Safari hii Crenshaw alilalamika kwamba kupanda na kushuka ngazi kunamkatiza mzungumzaji.

"Basi ashike hapohapo," akasema Spika.

Levin akaukamata mshale kwa kulabu ilipokuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano, akabaki amesimama juu ya ngazi, mikono juu.

Aliposhika mshale, jioni nayo ilishikika. Jua lilibaki juu ya ncha za mipopla, ile miti mirefu ya barabara kuu, jekundu kidogo, halishuki wala halipandi. Mishumaa ya ukumbini iliwaka bila kupungua. Kuku wa Bibi Tarrant walisimama chini ya banda wakisubiri giza la kuwapandisha kulala. Mkate uliotiwa hamira haukuumuka, ndevu hazikuota, na mtoto wa kinyozi aliyekuwa na jino la kung'oka alibaki akilisukuma kwa ulimi. Lakini kazi haikusimama. Mashati yalichafuka, maji yalitakiwa yakachotwe, waheshimiwa waliona njaa, na sahani chafu ziliongezeka jikoni kama kawaida. Watu wa mji waliambizana kwamba Bunge limerudisha saa, wakaendelea na shughuli zao.

Chini ya madirisha ya Bunge ulikuwa ukipita msafara wa watu waliofungwa minyororo wawili wawili, wakipelekwa Kusini kuuzwa. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kufika darajani. Waliendelea kutembea na daraja halikuwakaribia. Mchuuzi wao, juu ya farasi, alimlalamikia askari wa getini kwamba analisha watu bila kwenda popote. Aliambiwa apeleke malalamiko kwa mbunge wake.

Uchungu ulimwanza Henny palepale, akiwa anamenya viazi. Kuzaa ni kazi, na kazi haikuwa imesimama. Alitazama jua kupitia dirishani, akaona halishuki, akaelewa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akabana magoti, akaendelea kumenya.

Shangazi Rhody aliuza mikate ya tangawizi katika korido za Bunge, na ndiye aliyezalisha nusu ya weusi wa mtaa ule. Alikuja na sinia lake mpaka chini ya ngazi ya Levin.

"Mkeo anakusalimu. Anasema achia huo mshale."

"Uchungu umeanza?"

"Umeanza muda mrefu tu, ila muda wenyewe si ndio huo umeukamata."

"Mwambie anivumilie, Shangazi. Mheshimiwa amesema amebakiza maneno mawili."

Shangazi Rhody alimsikiliza Crenshaw kidogo. Crenshaw hakuwa akiwahutubia waliokuwemo, maana wengi walikuwa wamelala na kofia usoni. Aliwahutubia wapiga kura wake, walio mbali kabisa ng'ambo ya milima. Alikuwa ametoka kwenye barabara akaingia kwenye uhuru, na huko alikaa sana.

"Huyu?" akasema Shangazi Rhody. "Hayo mawili atayamaliza nimeshakufa."

"Nikiachia ananiondolea udhamini. Nitalala jela, na ahadi ya Henny atasema hakuitoa."

"Haya. Fungua mdomo." Akapanda ngazi mbili, akamtilia kipande cha mkate, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Levin aliamini jambo moja, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake: kwamba ukimtumikia mtu vizuri hadi dakika ya mwisho, ataona haya kukudhulumu. Watu wengi wema wa mji ule waliamini hivyo na wakazikwa nalo. Akakaza mikono.

Jioni ile ilidumu. Ilidumu kiasi cha nguo za nyumba nzima kufuliwa, kukauka, kuvaliwa, kuchafuka na kufuliwa tena. Zulia mbele ya meza ya Spika lilipata shimo. Paja la nguruwe kwa Bibi Tarrant liliisha, likafuata la pili, na Henny alipika, alibeba, alisugua masufuria, kila uchungu ulipomjia akishika ukingo wa meza. Mtoto alisukuma, yeye akazuia. Hakuna aliyemwambia kwamba haiwezekani, naye hakuuliza.

Shangazi Rhody alikuja tena.

"Anasema wewe umeshika saa ya watu, yeye kamshika mwanao. Anataka kujua unadhani nani atachoka kwanza."

Levin alingoja Crenshaw apite chini yake kwenda kutema.

"Mheshimiwa, samahani. Henny anajifungua."

"Hongera. Kaza mkono, mshale unatetemeka."

"Nilitaka kuuliza, Mheshimiwa. Mtoto akija kabla ya..."

"Levin. Mimi niliahidi nini?"

"Muhula ukifungwa, Henny huru."

"Basi. Mimi si mtu wa kubadili maneno yangu." Akatema, akajifuta, akarudi kwenye uhuru.

Mara ya tatu Shangazi Rhody alikuja bila sinia, mikono ya gauni lake imelowa.

"Kichwa kinaonekana," alisema. "Amebana mpaka jino limempasuka. Na hapigi kelele, Levin. Angekuwa anapiga kelele nisingekuja mbio hivi."

Levin aligeuza mti, akaitia kulabu chini ya mshale, na badala ya kuuzuia akausukuma mbele, dakika zote tano kwa mpigo mmoja. Saa ikagonga saa kumi na moja. Sauti yake ilitoka madirishani ikafika hadi mtoni.

Jua likazama nyuma ya mipopla. Mishumaa ikafupika yote kwa pamoja. Kuku wakapanda kulala, jino la mtoto wa kinyozi likadondoka, na watu wa minyororo wakakanyaga mbao za daraja. Jikoni kwa Bibi Tarrant, Henny aliachia magoti, na mtoto wa kike akatoka akilia kwa hasira. Aliyempokea alikuwa Bibi Tarrant mwenyewe, ambaye alikuwa ameingia kuuliza haradali iko wapi.

"Saa imegonga," Henny alimwambia. "Umeisikia, Bibi?"

"Nimeisikia," akasema Bibi Tarrant, akamfunga mtoto kwa aproni yake.

Ukumbini Crenshaw alikuwa amekatizwa katikati ya sentensi.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Bawabu amesogeza saa."

"Saa husogezwa, Mheshimiwa," akasema Spika. "Ni desturi."

"Hurudishwa nyuma, Mheshimiwa Spika. Kurudisha nyuma ni desturi ya Bunge hili tangu lianze. Kusogeza mbele ni kuliibia taifa muda wake."

Spika alifikiri. Aliwauliza wazee wa Bunge, nao wakakubali kwamba hawajawahi kuona saa ikisogezwa mbele. Akawahoji waheshimiwa: wanaoafiki kwamba saa kumi na moja haijagonga waseme ndiyo. Wakasema ndiyo, hata waliokuwa wamelala. Wasioafiki waseme siyo. Mmoja alikohoa, ikaonekana ni kikohozi tu.

"Walioafiki wameshinda," akasema Spika, na akagonga nyundo.

Levin alishushwa. Bawabu mkuu alipanda mwenyewe, akaurudisha mshale kwenye kasoro dakika tano. Jua likapanda likakaa tena juu ya mipopla. Mishumaa ikarefuka. Kuku wakashuka, jino likarudi kwenye ufizi wake, na watu wa minyororo wakarudi kinyumenyume kutoka darajani mpaka walipokuwa, wakaanza upya kutembea. Kila kitu kilirudi kasoro mtoto wa Henny. Yeye alikuwa kifuani kwa mama yake akinyonya, na uamuzi wa Bunge haukumtoa pale.

Mikono ya bawabu mkuu haikuwa imezoea kazi ile na ilichoka upesi, na pengine ndiyo sababu Crenshaw alifupisha. Muswada wa barabara ukapita. Mshale ukaachiwa, ukatembea wenyewe, saa ikagonga saa kumi na moja mara ya pili, na muhula ukafungwa. Waheshimiwa wakapeana mikono.

Crenshaw alikwenda moja kwa moja jikoni, wenzake nyuma yake. Levin alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha Henny, mikono yake bado haiwezi kushuka vizuri.

"Mimi ni mtu wa neno langu," akasema Crenshaw. "Mbele ya mashahidi hawa: Henny, tangu sasa uko huru."

Wakapiga makofi.

"Na binti yangu?" akauliza Henny.

"Huyo kazaliwa lini?"

"Saa ilipogonga."

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ilipogonga, Mheshimiwa."

"Ya kwanza, basi," akasema Crenshaw. "Lakini Bunge limeamua kwamba ya kwanza haikugonga. Kwa hiyo amezaliwa kabla. Mimi nifanyeje, Henny? Nivunje uamuzi wa Bunge?" Alionekana kusikitika kweli, na huenda alisikitika.

"Mji mzima umeisikia," akasema Levin. "Bibi Tarrant alikuwa hapahapa. Bibi, sema."

Bibi Tarrant aliikodolea macho chupa ya haradali.

"Nilisikia kitu," alisema. "Lakini mimi huwa nasikia vitu."

Akaenda kupanga sahani. Levin alilia mbele ya waheshimiwa wote na hakujificha, nao kwa adabu wakatoka kwenda kula.

"Ungeachia mwanzo," Henny alimwambia walipobaki wenyewe.

"Najua."

"Sisemi ili nikuumize. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo." Kisha akamwonyesha mtoto. "Mtazame. Kichwa kigumu, nilikwambia."

Asubuhi gari la farasi la Crenshaw lilisimama mlangoni, mizigo imefungwa juu. Mtoto alikuwa mali yake na alikuwa anakwenda Kentucky. Ziwa la kumnyonyesha halikuwa mali yake tena, na Crenshaw alilieleza hilo kwa uangalifu: Henny hawezi kulazimishwa, lakini akitaka kufuata atapewa pa kulala na chakula, na kazi za jikoni hazikosekani. Kuhusu Levin, udhamini wake ulikuwa wa Washington tu. Huko Kentucky angekamatwa siku ya kwanza. Na Bunge, kwa kura, lilikuwa limemsamehe kosa lake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mikono kama ile.

"Sasa uko huru, Henny," akasema Shangazi Rhody, akishika mlango wa gari. "Nani anakulazimisha kwenda?"

"Hakuna," akasema Henny. "Angekuwepo ningemlaani yeye."

Akapanda. Levin alitembea kando ya gari mpaka tope lilipomshinda, na hapo akasimama.

Barabara ya kuvuka milima ilijengwa, na wapiga kura wakamrudisha Crenshaw bungeni. Miaka mitatu baadaye, siku ya mwisho ya muhula, Levin aliwasha meko, akabadilisha mchanga, akachonga kalamu. Saa kumi na moja ilipokaribia, Crenshaw alikuja chini ya ngazi akiwa na karatasi za hotuba yake. Alikuwa na mvi kidogo na afya njema.

"Wazima huko, Mheshimiwa?" Levin aliuliza.

"Wazima kabisa. Henny anapika vizuri kuliko zamani. Mtoto anakimbia." Crenshaw alijikuna shavu. "Ana jambo moja, lakini tumelizoea. Saa ya nyumbani kwangu hugonga saa kumi na moja mara mbili. Inagonga, halafu inarudi kasoro dakika tano, halafu inagonga tena. Hapo katikati yule mtoto hashikiki. Ukimwita hageuki. Mke wangu alijaribu kumnyanyua, mikono ikapita hewani. Anakwenda zake kwa mama yake mlangoni, wanakaa wanatazama barabara. Ikigonga ya pili anarudi kuokota vijiti vya moto kama wenzake."

"Kila siku?"

"Kila siku. Dakika tano tu, si neno. Fundi wa saa anasema haina ubovu, inafuata ya hapa bungeni." Akazipanga karatasi zake. "Haya, panda. Nina maneno mawili."

Levin alipanda na mti wake. Saa ya ukumbini ilikuwa inafika kasoro dakika tano. Akaitia kulabu, akaukamata mshale, na jua likasimama juu ya mipopla. Crenshaw akaanza kuhutubia. Barabarani msafara mwingine wa minyororo ulikuwa ukitembea kuelekea daraja ambalo halikuwakaribia, na Levin aliwaona vizuri kutoka pale juu, na hakuwa na la kuwafanyia.

Aliwaza mlango wa jikoni huko Kentucky, saa imeshagonga mara moja, imerudi kasoro dakika tano na kushikika hapo pamoja na hii, bado haijagonga ya pili, mwanamke amekaa na mtoto wake, hakuna awezaye kumgusa. Mikono ilimuuma tangu mabegani. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile alimsikiliza Mheshimiwa kwa moyo wote, akamwomba Mungu amwongezee maneno.

Mungu alimwongezea mengi. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko ya mwanzo. Zulia jipya nalo likaanza kutoboka. Lakini ilifika mahali Crenshaw akakunja karatasi zake, waheshimiwa wakasema ndiyo, na Spika akamtazama bawabu mkuu.

"Levin, achia."

Levin hakuachia.

"Levin," akasema bawabu mkuu kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma. "Tumemaliza. Watu wanataka kwenda makwao."

Aliushika kidogo tena, kiasi cha mtu kumfunga mtoto kilemba na kumfungua. Kisha mikono ikamwishia, akaachia, na saa ikagonga.